Mstari wa Namba Kumi na Nne

Jumapili, 2 Februari

Shangazi,

Shikamoo.

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni mpaka leo. Si mlio wa filimbi yako. Huo kila mtu anaujua. Ni ile punje ndogo iliyomo ndani yake, iliyokuwa ikigongagonga mfukoni mwako ulipokuwa unapanda ngazi kurudi nyumbani. Tulikuwa tunaisikia kabla hatujakuona. Kaka aliachia sikio langu, mimi nikaachia shati lake, na ulipofungua mlango ulikuta watoto wawili wamekaa kimya kama picha ya ukutani. Hukuwahi kuuliza tulikuwa tunagombania nini. Ulitutazama tu, ukasema, "Faulo pande zote mbili. Vyombo vioshwe."

Juzi mtu alitikisa kiberiti nyuma yangu ofisini, nikajikuta nimekaa wima.

Baba ameniambia ulivyosema: "Msichana amesoma hesabu chuo kizima ili aende kupigia watu ramli?" Nimecheka, kisha nikakosa raha. Naomba nikueleze mwenyewe.

Kampuni yetu iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira mpya inapanda mpaka kwenye meza zetu. Tunapoingia tunaacha simu kwenye kapu la plastiki mlangoni, na ujumbe wote wa kazini unasomwa. Ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi, kupitia gari la mizigo linaloishia kwenye mizani unayofanyia kazi. Huku hakuna anayesoma karatasi.

Kazi yangu ni kuweka mstari. Sikiliza. Jumamosi ijayo, kwenye ligi ya kikapu ya wanawake, benki wanacheza na wauguzi. Ukiuliza watu nani atashinda, wote watakwambia benki, na biashara imekufa hapo hapo. Kwa hiyo hatuulizi nani. Tunauliza kwa pointi ngapi. Timu yenye nguvu tunaitwika mzigo kabla mpira haujarushwa. Benki nimewatwika kumi na mbili na nusu. Aliyeweka pesa yake kwa benki atalipwa tu kama benki wameshinda kwa pointi kumi na tatu au zaidi. Aliyeweka kwa wauguzi atalipwa wauguzi wakishinda, na atalipwa pia wakishindwa, mradi wasishindwe kwa zaidi ya kumi na mbili. Ile nusu ni ya kuzuia sare, maana hakuna kikapu cha nusu pointi.

Mstari mzuri ni ule unaowagawa watu katikati: nusu wanaona mzigo ni mzito mno, nusu wanaona ni mwepesi. Wanapigana wao kwa wao, sisi tunachukua ushuru. Mstari ukiwa mbaya, wote wanakimbilia upande mmoja, na Mkuu wa dawati ananiita.

Si ramli, Shangazi. Ni kujua watu kwa namba. Nafikiri nina kipaji nacho.

Wako,
Kikokotoo


Jumatatu, 10 Februari

Kikokotoo mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika chini ya gunia la vitunguu. Nimeisoma huku machozi yananitoka, na wenzangu wa kwenye mizani wamenipa pole wakidhani kuna msiba.

Nimeisoma mara mbili na nimeelewa, usinione mzee. Kwa hiyo kuna mtu anaweza kushindwa na bado akarukaruka, na mwingine akashinda akaenda nyumbani amenuna. Makubwa! Umeniondolea fumbo, maana huo mchezo wa benki na wauguzi ulioutaja nimeuchezesha mimi mwenyewe.

Mpaka robo ya mwisho benki walikuwa mbele kwa pointi kumi na nane. Mchezo umeshaiva, umeepuliwa, unapoa. Zamani kufikia hapo watu walikuwa wanakusanya watoto wao na kutafuta viatu. Jumamosi hakuna aliyeondoka. Jukwaa zima limesimama, linapiga kelele kwa kila kikapu kama fainali. Kuna baba mmoja alinitukana mpaka mate yakaruka, eti nimemwachia mtoto wa wauguzi hatua moja ya ziada. Nikajiuliza, huyu ana nini? Timu yake si inashinda?

Ni kweli nilimwachia. Sikufichi. Yule binti ni mwembamba, wenzake wanamwita Sindano, alikuja uwanjani moja kwa moja kutoka zamu na macho yamemvimba. Mwanamke aliyenifundisha uamuzi, mfupi, sauti kama king'ora, alikuwa akituambia: "Mshindi akishapatikana, funga mlango taratibu." Maana yake ukishajua nani kashinda, usiwapigie filimbi wanaoshindwa kwa kila kitu kidogo. Hatua moja, mkono uliogusa mkono, acha. Wapate vikapu viwili vitatu vya kwenda navyo nyumbani. Tulijifunza hivyo sote, na sote tulifanya hivyo. Wenzangu wamestaafu, nimebaki mimi. Mlango ukiubamiza, aliye nje harudi tena kubisha, na mchezo huu wa wasichana umeishi kwa sababu walioshindwa walirudi.

Pengo liliishia pointi kumi na moja. Baadaye akanifuata kijana mmoja wa viatu vyeupe, ameniletea soda. "Mama, leo umetulisha." Nikadhani ni kaka wa mmoja wa wauguzi, kafurahi dada yake hakuaibika. Nilikunywa nusu, nusu nikampa mtunza saa.

Sasa niambie, Kikokotoo: huyo alikuwa ananishukuru nini?

Shangazi yako


Jumanne, 11 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Jibu lako bado halijanifikia, lakini siwezi kusubiri. Nimekamata mtu.

Nilikwambia benki niliwatwika kumi na mbili na nusu. Robo tatu zote walikuwa wanakwenda vizuri, halafu ghafla pengo likayeyuka, wakashinda kwa kumi na moja. Kila aliyeweka kwa wauguzi akalipwa, na walikuwa wengi kuliko inavyopaswa. Mkuu wa dawati aliniita mbele ya wenzangu. "Msomi," akasema, "mstari wako una tundu."

Sikulala vizuri. Nimechambua michezo yote ya ligi tangu tulipoanza kuichukua. Chama cha kikapu kinatuletea matokeo ya kila robo pamoja na namba ya mwamuzi, bila jina. Na namba moja ikajitokeza, Shangazi, kama doa kwenye shuka jeupe. Mwamuzi namba kumi na nne. Akichezesha yeye, robo ya mwisho pengo linapungua. Karibu kila mara. Wengine hawana kitu kama hicho.

Uone ujanja wake. Hamgeuzi mshindi, benki wanashinda, timu ya bandari inashinda, kila mtu anaona haki imetendeka. Mwizi wa mstari hahitaji mtu ashindwe. Anahitaji tu ashinde kidogo kidogo. Na kuna akaunti zinazoamka siku anapochezesha yeye tu, zinaweka kwa timu dhaifu, zinalipwa, zinalala tena.

Nimeandika ripoti. Tuna makubaliano na chama kwamba tukiona jambo la namna hii tunalipeleka kamati ya nidhamu, na Mkuu ameipeleka leo hii bila kubadilisha hata neno. Sentensi ya kwanza niliichagua mwenyewe: "Mwamuzi huyu anauza robo ya mwisho." Mkuu ameisoma kwa sauti. Wenzangu wamepiga meza.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuwachukia watu wa namna hii. Nilitaka uwe wa kwanza kujua.

Kikokotoo wako


Jumamosi, 15 Februari

Shangazi,

Barua yako ya tarehe kumi imefika leo. Ilikuwa imekwama kwenye gari. Nimeisoma nimesimama mlangoni, sijavua hata viatu.

Nakuomba unijibu neno moja tu. Beji yako ya uamuzi ina namba gani?


Jumatano, 19 Februari

Wewe mtoto,

Kumi na nne.

Unajua tayari, kwa hiyo sijui unaniuliza ya nini. Barua yako ya furaha imenifikia siku moja na barua ya kamati. Ile ya kamati niliisoma kwanza. Wanasema "kampuni moja ya kubashiri" imewapa ushahidi wa hesabu. Wanasema kuna shahidi aliyeniona nikipokea kinywaji kutoka kwa mcheza kamari anayejulikana. Nikakaa kwenye benchi la mizigo nikawaza, ni nani mwenye chuki nami kiasi hiki? Kisha nikafungua yako.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nausikia usemi huu nikidhani unahusu kunguni.

Nimekulea tangu mama yako alipofariki. Nimekubeba mgongoni uwanjani ukiwa na homa, nikakulaza chini ya meza ya mtunza saa, nikachezesha. Na hukuwahi hata kuona namba kwenye kifua changu? Kweli, zamani beji hazikuwa na namba. Lakini robo ya mwisho uliiona. Ulikuwa umekaa pale pale. Ulipokuwa na miaka tisa uliniuliza, "Shangazi, mbona hukupiga filimbi?" nikakwambia ni adabu. Ulisahau? Au shule imefuta?

"Anauza." Miaka yote nimechezesha kwa nauli na maji ya kunywa, mtoto niliyemlea ananiandika kwamba nauza. Asante ya punda.

Nimeitwa mbele ya kamati tarehe kumi na saba Machi. Kabla ya hapo wamenipa mchezo mmoja, tarehe nane: marudiano ya benki na wauguzi. Watakuwepo watu wawili wenye kalamu, wakiandika kila ninachopiga na kila ninachoacha. Nikiachia, watasema ndiyo yule yule. Nisipoachia, watasema sasa ameogopa, kumbe zamani alikuwa anaachia kweli. Wewe uliyesoma, nipigie hesabu hiyo.

Hawataki beji tu. Wakinikuta na hatia jina linabandikwa kwenye ubao wa kila uwanja. Sindano na wenzake watalisoma pale.

Shangazi


Jumapili, 23 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea.

Nilikuwa na miaka tisa na nakumbuka. Nilidhani adabu ni kitu kinachofanyika nyumbani, na namba ni kitu kinachofanyika ofisini. Sikuviweka kamwe kwenye karatasi moja. Sitaki pole, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Lakini nisikilize jambo hili moja. Nimezichimba zile akaunti. Ni chache, na hakuna hata moja iliyowahi kukaribia kukulipa chochote. Zinaamka asubuhi ya mchezo, chama kikishabandika namba za waamuzi kwenye lango la uwanja. Si kabla. Wangekuwa wamekununua, wangejua mapema. Wale wamekaa jukwaani, wakaona kwa macho kile nilichokiona mimi kwa hesabu: kwamba yule mama akishika filimbi, walioshindwa hawaaibishwi. Wakaweka pesa juu yake. Shangazi, wamekusoma. Hawajakununua. Yule wa viatu vyeupe alikuwa anashukuru kama mtu anavyoishukuru mvua.

Nataka kuiambia kamati hivyo. Na nimepata jambo jingine. Chama kina matokeo ya mashindano ya shule, yenye majina ya waamuzi, ambayo hakuna kampuni iliyowahi kuyagusa. Pengo linapungua huko pia, kwa kiasi kile kile, miaka kabla hatujafungua hata mlango wetu. Ulikuwa unaachia wakati hakuna aliyekuwa na chochote cha kupata. Naomba ruhusa yako niwapelekee.

Kuna jingine, baya zaidi. Mkuu wa dawati amenipa mchezo wa tarehe nane. "Wewe ndiye unayemjua namba kumi na nne," amesema, "tuwekee mstari wake." Anasema kama anayecheka. Hajui.

Nikiwatwika benki kumi na moja na nusu, nimesema hadharani kwamba utaachia. Nikiwatwika kumi na sita na nusu, nimesema umeogopa. Hakuna namba nitakayoandika isiyokuwa ushahidi juu yako. Na wewe ukiniambia utakachofanya, mstari wangu utakuwa wa wizi kweli, na mwizi nitakuwa mimi.

Kwa hiyo nakuomba, usiniambie. Usiandike hata nusu ya neno.

Kikokotoo


Jumatano, 26 Februari

Kikokotoo,

Umenichekesha bila kutaka. Kumbe kamati ni mbili, na wewe pia umeitwa.

Sitakuambia. Na wewe usiniambie lolote kuhusu mstari wako. Sitaki kuingia uwanjani na namba ya mtu kichwani. Mpaka mchezo uishe, wewe huko, mimi huku. Simu nisikusikie, barua nisiione. Tukikutwa tumeongea hatutakuwa na la kusema, hata tungekuwa tumeongea habari za vitunguu.

Ruhusa sikupi. Usiende kuwaambia nilikuwa nawahurumia watoto. Mwamuzi akishaambiwa ana huruma amekwisha, kila mchezaji atamwangukia miguuni. Waniite mwizi nitabisha. Wakiniita mlegevu nitabishia nini?

Kula vizuri. Baba yako anasema umekonda.

Shangazi yako


Jumapili, 9 Machi

Kikokotoo,

Imekwisha, kwa hiyo naandika.

Wenye kalamu walikaa karibu na meza ya mtunza saa, mmoja mwenye miwani, mmoja anayenusa kila dakika kama mtu wa mafua. Benki wamesajili msichana mrefu kama ngazi ya fundi umeme. Mwisho wa robo ya tatu walikuwa mbele kwa kumi na tisa.

Nilikuwa nimeapa nitapiga kwa sheria. Kwa ajili yako, nikwambie ukweli. Nilijiambia, huyu mtoto sijui ameandika namba gani huko, lakini yeyote atakayelipwa leo asilipwe na mimi. Nisiwe mvua ya mtu.

Sindano akapata mpira. Amewapita wawili, kikapu kiko wazi, na akaongeza hatua. Moja. Hata mwenye miwani sidhani aliiona. Nikapiga. Mlio ulikuwa mkubwa kuliko nilivyotaka. Yule binti aligeuka akanitazama, hakubisha, hakuinua hata mkono. Kanitazama kama mtu aliyekuja kwa mjomba akakuta kufuli. Nikampiga tena baadaye, mkono kwa mkono. Nikawapiga wenzake. Nilipiga kila kitu. Pengo likaishia ishirini na saba.

Kulikuwa na jambo la ajabu ambalo nililiona nikiwa nimeshachelewa. Kelele hazikuwepo. Jukwaa lilikuwa nusu tupu tangu robo ya pili. Yule baba wa mate hakuja. Viatu vyeupe nilimwona mwanzoni ameinamia simu yake, akatikisa kichwa, akaondoka. Waliobaki walikuwa mama za wasichana, wachumba wao, mzee mmoja amelala. Ilikuwa kama zamani. Watu wanatafuta viatu, watoto wanakimbizana kwenye ngazi. Na mimi katikati nikibamiza mlango, mbele ya watu ambao hawakuwa na sababu nyingine ya kuwepo pale ila kuwapenda wale wasichana.

Mbona hawakuja, Kikokotoo? Nilidhani wewe utajua.

Mwenye mafua ameniambia, "Leo umechezesha vizuri sana, mama. Ungechezesha hivi siku zote tusingekuwa hapa." Yaani nimewapa ushahidi kwa mkono wangu mwenyewe.

Sindano hakunisalimu kwenye lango. Wote huwa wananisalimu.

Nimeandika barua ya kuacha uamuzi. Jumatatu tarehe kumi na saba nitaiweka mbele ya kamati kabla hawajafungua mdomo. Wakitaka kuandika "anauza" wataandika, mimi nitakuwa nimeshatoka. Filimbi nimeitoa mfukoni nimeiweka kwenye droo ya vijiko. Nyumba imekuwa kimya, kumbe nilikuwa nimeizoea ile punje kuliko nilivyodhani.

Shangazi yako


Ijumaa, 14 Machi

Shangazi,

Shikamoo.

Hawakuja kwa sababu yangu.

Asubuhi ya mchezo nilikaa mbele ya kompyuta na kisanduku cha mstari kikiwa wazi, kinapepesa. Niliandika kumi na moja na nusu, nikafuta. Niliandika kumi na sita na nusu, nikafuta. Chini ya kisanduku kuna kitufe ambacho hatukitumii ila uwanja ukifurika au timu isipofika. Kinauondoa mchezo ubaoni. Unachezwa, lakini hauna mstari, na hakuna anayeweza kuweka hata senti. Nilikibonyeza. Kampuni ndogo hunakili kwetu; zilipoona tumefunga zikadhani tunajua jambo, zikafunga nazo.

Mkuu wa dawati alikuja mbio. "Msomi, umelala? Mchezo uko wapi?"

"Nimeutoa."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Nikamwambia, "Mwamuzi ni shangazi yangu. Ndiye aliyenilea." Kanuni yetu inasema mfanyakazi akiwa na ndugu uwanjani, mchezo unafungwa. Hakuweza kuufungua tena. Akaketi kwenye kiti cha jirani yangu, akaniuliza taratibu kabisa, "Umejua tangu lini?"

Nikasema tangu tarehe kumi na tano Februari. "Basi na wewe uliachia," akasema.

Nilitaka uwe na mchezo mmoja usio na bei, Shangazi. Uingie uwanjani, mshindi apatikane, ufunge mlango utakavyo, na asiwepo mtu wa kukushukuru kwa soda. Sindano angeweza kupita na hatua yake na ingekuwa hatua tu. Sikukuambia kwa sababu tulikubaliana tusiambiane, na wewe hukuniambia kwa sababu hiyo hiyo. Nimesoma barua yako pale pale mlangoni. Nilipofika kwenye ishirini na saba nilikaa chini. Uliubamiza kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa nimeshaufungua kwa ajili yako.

Siwezi kuirudisha ile filimbi mdomoni mwako. Kwa hiyo nimefanya lile ulilonikataza, na nakuambia sasa, likiwa limeshafanyika, ili usipate nafasi ya kunizuia.

Jana nilikwenda makao makuu ya chama. Sikwenda kama kampuni. Mwenyekiti wa kamati ni mwanamke wa makamo mwenye kikohozi. Alinipa kiti na akaniacha niseme mpaka mwisho. Nilimwonyesha michezo ya shule, iliyochezwa kabla ya kubashiri kuanza. Nilimwonyesha saa ambayo zile akaunti huamka. Nilimweleza habari za mwanamke mfupi mwenye sauti kama king'ora. Hapo akaacha kukohoa. Akasema, "Huyo alinifundisha hata mimi." Kisha akazivuta zile karatasi karibu yake, akazisoma moja moja.

Mwishowe akaniuliza, "Sasa binti, unasema ana hatia au hana?"

Nikasema, "Nasema hakuna aliyemnunua. Niliandika 'anauza' na nilikuwa sijui ninachokisema."

"Lakini alikuwa anaachia."

"Ndiyo. Alikuwa anaachia."

Nilitaka kusema hapana, Shangazi. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini wewe hujanilea hivyo.

Akaita wenzake wawili, wakasoma, wakabishana mbele yangu. Yule wa mafua alisema adabu au si adabu, watu wamekula pesa. Mwenyekiti akamjibu, "Pesa waliweka wao. Filimbi haikuwaomba." Wakachukua kalamu, wakalifuta "kuuza" kwenye hati ya mashtaka, nikiangalia. Jina lako halitabandikwa popote. Limebaki neno moja, "kulegeza," na hilo ni la kweli. Utalijibu mwenyewe Jumatatu, kwa barua yako au bila barua yako. Hilo sitakugusia. Nakuomba tu uwaeleze kwa sauti kwa nini mlikuwa mnafanya hivyo, kwa sababu kwenye chumba kile nimeona mwenyekiti aliyekuwa anajua na wenzake ambao hawajawahi kuambiwa.

Ofisini sirudi. Mkuu alisema nisubiri uamuzi wa wakubwa, mimi sikusubiri. Kadi ya mlango nimeiacha mezani kwake, simu yangu nimeitoa kwenye kapu.

Maelezo yangu kwa kamati yalihitaji saini na utambulisho wa mtoa ushahidi. Kulikuwa na mstari mmoja mtupu wa kazi. Sikuandika kampuni, sikuandika hesabu. Nimeandika: mtoto wa kaka yake namba kumi na nne.

Nimeshasaini.